Mashine inauliza "FUTA FAILI?" bila kusema faili lipi. Nimepoteza sauti ya mzee wa watu

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sina sababu ya kuificha. Siku ya tano leo silali vizuri kwa sababu ya mashine ya kurekodi sauti, zile za diski ngumu, chaneli nane, zinazouzwa kama vyombo vya kitaalamu. Kampuni siitaji, kwa sababu ugonjwa huu nimekutana nao kwenye mashine za kampuni zaidi ya moja, na sitaki uzi ugeuke ubishi wa nani anatengeneza vizuri kuliko nani. Ninachotaka tukiseme ni hiki: mashine hizi zinajua kunasa sauti, ila hazijui kumwonyesha mtu ameshika faili lipi mkononi. Na kwenye kazi yetu, kutojua umeshika faili lipi ni hatari kuliko maikrofoni mbovu.

Kilichotokea ni hivi.

Nilikuwa narekodi kwaya ya watu 40. Maikrofoni nane, 48 kHz, biti 24. Pigeni hesabu: sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kwa sekunde, kila sampuli baiti 3, mara chaneli 8, unapata baiti 1,152,000 kwa sekunde, karibu MB 69 kwa dakika. Mashine yangu inakata faili kila likifika GB 2, yaani kila baada ya dakika 31 na sekunde chache. Onyesho la saa 1 na dakika 25 likanipa vipande vitatu. Hapo sina ugomvi nayo. Faili la WAV, aina ya faili la sauti ambayo mashine hizi zinaandika, linaandika ukubwa wake kwenye kichwa cha faili (maelezo yaliyo mwanzoni mwake) kwa namba ya biti 32, kwa hiyo haliwezi kuvuka GB 4, na programu nyingi za zamani zinakwama kwenye 2. Kukata ni lazima, na ikikata inakata vizuri, vipande ukiviunga husikii mshono.

Ugomvi unaanzia kwenye majina. Folda niliiita KWAYA. Mashine ikaongeza yake: KWAYA_T01 na KWAYA_T02 za kupimia sauti mchana, halafu onyesho lenyewe, KWAYA_T03_1, KWAYA_T03_2, KWAYA_T03_3. Ukisoma hapa unaona tofauti mara moja. Sasa skrini ya mashine inaonyesha herufi nane tu kwa mara moja. Hesabuni wenyewe. Mafaili yote matano yanasomeka KWAYA_T0. Ili uone herufi zinazofuata inabidi ukae juu ya faili karibu sekunde tatu, ndipo jina lianze kutambaa taratibu kuelekea kushoto. Na ukigusa kitufe chochote linarudi mwanzo.

Mniambie nitazame tarehe? Betri ndogo ya saa ndani ya mashine ikifa, mafaili yote yanaandikwa 1/1/1980, kwa sababu huko ndiko inakoanzia kalenda ya FAT, mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski. Betri yangu imekufa, na kuibadilisha lazima mashine ifunguliwe kwa fundi. Kwa hiyo nina mafaili matano yenye jina moja na tarehe moja.

Katikati ya onyesho, mwanzoni kabisa mwa kipande cha pili, mzee mmoja wa kwaya alitoka mbele akaimba peke yake. Sitaki kutia chumvi. Nimerekodi sauti miaka mingi, na mara chache sana nimejikuta nimeondoa mkono kwenye vitufe nikasikiliza tu. Siku ile niliuondoa. Sauti yake ilikuwa na mkwaruzo wa uzee chini, na juu ilikuwa safi kama ya kijana, na anapovuta pumzi ukumbi wote ulikuwa kimya mpaka maikrofoni ya mbali ikainasa ile pumzi.

Wakati wa mapumziko kabla ya wimbo wa kufungia, akaja mpaka mezani kwangu, akanishika bega.

"Mwanangu, imeingia?"

"Imeingia yote, babu. Ngoja nikusikilizishe."

Nikafungua menyu, nikashuka mpaka KWAYA_T03_2, nikasubiri jina litambae mpaka mwisho ili niwe na hakika, nikamvika hedifoni. Alisikiliza labda nusu dakika. Akafumba macho. Alipozivua hakusema kitu, alitikisa kichwa tu na kurudi kwa wenzake. Nikatoka kwenye menyu.

Kumbukeni hapo. Nilitoka kwenye menyu, kishale kikabaki juu ya T03_2.

Nikatazama nafasi iliyobaki kwenye diski: dakika 6. Wimbo wa kufungia ni dakika nne, lakini kwaya ikichangamka inaweza kwenda hata kumi. Nikaamua nifute T01, faili la kupimia sauti, dakika 12 za "moja mbili, moja mbili". Nikatumia vitufe vya mbele vya kurukia nyuma, nikarudi mpaka T01, nikabonyeza PLAY, nikasikia kwa masikio yangu mwenyewe "moja mbili, moja mbili". Nikabonyeza STOP. Nikaingia menyu, nikachagua kufuta. Skrini ikaandika: FUTA FAILI? Chini yake: KWAYA_T0. Nikakubali.

Mashine hii, wakuu, ina chaguo mbili ndani yake ambazo hazijuani. Kuna faili ulilochagua kwa vitufe vya mbele, lile unalolisikia. Na kuna faili ambalo kishale cha menyu kililala mara ya mwisho. Amri ya kufuta haifuati sikio lako, inafuata kishale. Nilikuwa nasikiliza T01 na nikafuta T03_2. Ishara pekee ilikuwa kwamba nafasi iliruka kutoka dakika 6 hadi 37 badala ya 18, na mimi kwa haraka ya wimbo kuanza nikaona ni namba kubwa, nikashukuru, nikabonyeza REC.

Huo wimbo wa kufungia ulikuwa dakika nne. MB 276 hivi. Na mashine ikauandika juu ya mahali pale pale nilipotoka kufuta, kuanzia mwanzo wa kipande cha pili. Pale alipoimba mzee.

Nimefanya kila ninachokijua. Nilichomoa diski usiku ule ule, nikatengeneza nakala yake yote, nikafanya kazi kwenye nakala tu. Faili likifutwa kwenye FAT data haiondoki, kinachoondoka ni anwani yake, kwa hiyo kilichokuwa hakijaandikwa juu kilikuwa bado kipo. Lakini mwanzo wa faili ukiliwa, kichwa cha faili kinaondoka nao, na bila kichwa hakuna programu inayojua hiyo ni sauti ya aina gani. Inabidi uingize data ghafi na kuieleza mwenyewe: 48 kHz, biti 24, chaneli 8. (Audacity inakubali, kwa anayehitaji.) Shida ni kwamba kila hatua moja ya sauti hapo ni baiti 24, na wewe unaanzia popote diski ilipoanzia. Ukikosea baiti moja unapata mvumo wa kutoboa masikio. Ukikosea baiti tatu unapata sauti, lakini chaneli ya kwanza imekuwa ya pili na ya nane imekuwa ya kwanza. Nimejaribu sehemu za kuanzia moja baada ya nyingine mpaka saa kumi alfajiri ikakaa sawa. Nimeokoa dakika 27. Zinaanza kwaya ikiwa inaitikia, yaani mzee ameshamaliza.

Sasa nasubiri watakaokuja kusema "kosa lako, ungesubiri jina litambae". Nililisubiri lilipohitajika, nikiwa natafuta. Wakati wa kufuta nilikuwa nimeshalithibitisha faili kwa njia ambayo mtu wa sauti anathibitisha kitu, yaani kwa kulisikiliza. Kama mashine ya sauti haiheshimu kusikiliza, tuthibitishe kwa nini? Na wa "ungekuwa na mashine ya pili", nakubali, ushauri mzuri, na kuanzia sasa nitakuwa nayo. Lakini mashine ya pili ni kinga ya diski kufa au waya kukatika. Haiwi ruhusa kwa mtengenezaji kuweka swali la kufuta lisilotaja kinachofutwa.

Linaloniuma zaidi ni kwamba hili si gumu kutengeneza. Faili la BWF, yaani WAV iliyoongezewa maelezo, ambalo European Broadcasting Union (umoja wa watangazaji wa Ulaya) waliliweka mwaka 1997 na ndilo mashine yangu inalorekodi, lina nafasi ya herufi 256 za maelezo, lina tarehe, lina saa, na lina hesabu ya sampuli tangu saa sita usiku ili ujue kipande kilianza lini hasa. Nafasi zote hizo zimo ndani ya faili langu. Nimeziona kwenye kompyuta. Kwenye mashine yenyewe naonyeshwa herufi nane. Na MiniDisc, diski ndogo ya kurekodia sauti iliyotoka mwaka 1992, baadhi ya deki zake zilikuwa na amri ya kutengua: umefuta wimbo kwa bahati mbaya, kabla hujatoa diski unautengua, unarudi, kwa sababu orodha ya diski ilikuwa bado haijaandikwa upya. Nimewahi kuokolewa na amri hiyo zaidi ya mara moja. Leo nina diski yenye nafasi ambayo diski ndogo zile haziwezi hata kuiota, na kufuta ni papo hapo, hakuna pa kurudi, hakuna kapu la taka, hakuna chochote.

Wanachoongeza kila toleo ni namba za kuandika kwenye boksi. 96 kHz, 192 kHz, biti 32 za floti (mtindo wa kurekodi unaovumilia sauti ikizidi). Sikatai, biti 32 za floti zimeokoa watu ambao sauti ingepasuka mikononi mwao. Ila sauti safi kiasi gani inafaa nini ikiwa sijui iko kwenye faili lipi?

Na kwa kuwa nimeshaanza, kitufe cha REC chenyewe. Kuna mashine ukibonyeza mara moja inarekodi. Kuna nyingine ukibonyeza mara moja inasubiri tu, mita za sauti zinacheza, hedifoni zinasikika, taa nyekundu inawaka na kuzima, na usipobonyeza mara ya pili hakuna kinachoandikwa. Juani huwezi kujua kama taa inawaka moja kwa moja au inapepesa. Namba za muda ndizo pekee zinazosema ukweli, na kwenye yangu ziko kwenye kona kwa maandishi madogo kuliko nembo ya kampuni. Kijana niliyekuwa namfundisha alipoteza mahojiano ya saa nzima kwa hilo, alilia mbele yangu, na sikumlaumu.

Nimewaandikia watengenezaji. Niliwaomba vitu ambavyo haviongezi hata waya mmoja: swali la kufuta litaje jina zima na urefu wa faili, kwa sababu ningeona dakika 31 badala ya 12 ningesimama hapo hapo. Faili ninalolisikia ndilo liwe faili ninalolifuta, chaguo liwe moja kwenye mashine nzima. Na faili lililofutwa likae pembeni mpaka diski iwe haina pengine pa kuandika, badala ya kukimbilia kulikanyaga wakati mwishoni kuna dakika 6 tupu. Jibu nililopata ni ukurasa wa kitabu cha maelekezo unaosema mtumiaji ahakikishe faili kabla ya kufuta. Niliusoma mara tatu nikitafuta mahali panapoeleza ahakikishe vipi kwa herufi nane. Hapapo.

Babu alinipigia jana. Aliuliza lini atapata ya kwake, maana wajukuu wanataka kuisikia. Nilimwambia ukweli wote, kwamba imepotea na kwamba ni mkono wangu uliokubali kufuta. Alikaa kimya, halafu akasema, "Basi mwanangu, nilishaisikia mimi." Sikuwa na la kumjibu.

Ninachoomba kwenu: nabadilisha mashine mwezi huu. Mwenye kinasa sauti cha chaneli nane au zaidi ambacho kwenye swali la kufuta kinaonyesha jina zima na urefu wa faili, aandike hapa ni kipi, na kama anaweza apige picha skrini ikiwa kwenye swali hilo lenyewe. Maelezo ya tangazo sitaki, nataka picha ya hilo swali.