Mtihani wa Zuhura na mwezi wa Idi

*Kikundi: Ukoo wa Bi Mwanaisha, Mombasa na Leicester*
*Jumatatu, baada ya kufuturu*

Zuhura: Assalaam aleikum nyote, shikamooni wakubwa. Mtihani wangu wa nadharia wa udereva ni Ijumaa hii saa 4:40 asubuhi, na Idi yaweza kuwa Ijumaa hiyohiyo. Nifanyeje?

Shangazi Rukia: Waaleikum salaam, marahaba mwanangu. Mwezi utatazamwa Alhamisi magharibi. Ngoja uandame kwanza.

Khalid: Shikamoo shangazi. Hapo hawezi kungoja. DVSA, wale wa serikali ya Uingereza wanaosimamia mitihani ya udereva, wanataka uwaarifu siku 3 kamili za kazi kabla. Siku unayoarifu haihesabiwi, na siku ya mtihani haihesabiwi. Kwa hiyo zinabaki Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Mwisho wa Zuhura ni LEO.

Zuhura: Leo hii?

Khalid: Leo hii. Ukingoja mwezi uandame, £23 zako zimekwenda, itabidi ulipe upya.

Shangazi Rukia: Basi badilisha mwanangu. Sala ya Idi haikosi watu wa nyumbani kwa ajili ya mtihani.

Mama Zuhura: Nami nasema hivyohivyo. Lakini amesoma sana huyu mtoto. Kila siku baada ya daku yuko na kitabu, mimi naosha vyombo yeye ananisomea alama za barabarani.

Zuhura: Je, nifute au nibadilishe tarehe?

Khalid: Badilisha. Ukifuta kwa wakati hela zinarudi, lakini unaanza tena kutafuta nafasi. Kubadilisha ni bure. Shika ile kadi ya kijani, leseni ya muda ya anayejifunza udereva, utahitaji namba yake, na namba ya mtihani iliyo kwenye barua pepe waliyokutumia ulipolipia. Na uingie gov.uk, tovuti ya serikali, moja kwa moja. Usifungue tovuti ya kwanza inayojitokeza ukitafuta, ziko zinazotoza pesa kwa kazi hiyohiyo.

Ami Said: Hilo la tovuti ni kweli kabisa, nawaomba wote mlishike. Rukia dada, uliniuliza juzi kwa nini na mimi nilifanya mtihani huku ilhali nina leseni ya Kenya. Ile inakuruhusu kuendesha miezi 12 tu tangu uhamie. Ikipita, unaanza na kadi ya mwanafunzi kama kijana yeyote.

Shangazi Rukia: Kumbe! Na uzoefu wako wote wa barabara ya Malindi?

Ami Said: Wote. Ndiyo maana nasema Zuhura asikimbilie. Maswali 50, anatakiwa kupata 43. Video za kutambua hatari barabarani ni 14, na alama za kupita ni 44 kati ya 75. Zuhura, kwenye video tulia. Ukibonyeza ovyo ovyo mfululizo, ile klipu yote inakuwa sifuri.

Zuhura: Maswali niko sawa ami, jana nimepata 46. Video ndizo zinanipa shida. Nimeshaingia sasa. Kuna Jumanne ijayo saa 2 asubuhi na Alhamisi ijayo saa 8 mchana.

Mama Zuhura: Alhamisi. Jumanne wageni bado wako nyumbani.

Zuhura: Nimechukua Alhamisi. Barua pepe imefika, tarehe mpya ipo.

Khalid: Hakikisha na kituo ni kilekile cha Leicester. Na siku hiyo usisahau kadi, bila kadi hawakufanyishi mtihani na pesa hazirudi.

Zuhura: Kituo ni kilekile. Ahsante sana kaka.

Shangazi Rukia: Alhamdulillah. Mwezi uandame Alhamisi au Ijumaa, mkate wa sinia nawafundisha kwa video, muwe na unga wa mchele tayari.

Ami Said: Khalid, na wewe wa barabarani je? Cheti cha nadharia ni miaka 2 tu, kisikuishie.

Khalid: Kipo mpaka Agosti, ami. Mtihani ni mwezi ujao. Ule sasa ni siku 10 za kazi ukitaka kubadilisha, tangu Aprili 2025, si 3. Nimeshaandika tarehe ya mwisho ukutani.