Bendi ni ya mwenye vyombo au ya mwenye sauti?

MZEE WA KANYENYE: Wakuu, nimekisoma tena kisa cha bendi ya Eagles, wale Wamarekani. Mpiga gitaa wao Don Felder alitimuliwa 2001, akawaburuza wenzake Henley na Frey mahakamani. Chanzo mgao: zamani waligawana sawasawa, waliporudiana 1994 wale wawili wakataka fungu nene. Wakamalizana 2007 nje ya mahakama. Je, dansi letu? Mwimbaji akihama, jina libaki kwa nani?

FUNDI AMPLIFAYA: Mwenye vyombo, kwisha. Magitaa, maspika, tumba, gari la kubebea, nani kanunua? Mwanamuziki anakuja na mdomo wake na shati la sare la kukopeshwa. Hugo Kisima, tajiri wa bendi ya Safari Sound, aliwabeba wanamuziki akina Gurumo, Bitchuka na Abel Balthazar kutoka Sikinde, yaani Mlimani Park ya Dar, kwenda kwake kwa sababu alikuwa na vyombo na hela. 1984 ile.

DADA WA IPULI: 1985, kaka. Na "mdomo wake" ndiyo nini? Baba mdogo kapiga besi hapahapa Tabora. Jumamosi ukumbi umefurika, Jumapili anaitwa mezani kwa bosi na daftari: toa mafuta ya jenereta, toa nyuzi, toa bia. Mstari mmoja uliandikwa "soda ya mgeni wa besi", na mgeni mwenyewe alikuwa shabiki wa bosi! Anarudi nyumbani na hela ya mboga.

FUNDI AMPLIFAYA: Hizo bia si alizinywa?

DADA WA IPULI: Fundi, usinivunjie heshima. Huyo ni mzee wangu.

MWANA UJIJI: Hata ubishane vipi, nyie Tabora mlikuwa mnaazima tu. Shem Karenga wa Tabora Jazz ni mtoto wa Kigoma. Mmebaki na maembe.

MZEE WA KANYENYE: Kijana, Kiko Kids ya Salim Zahoro ilitoka Kigoma? Nyanyembe Jazz je? Segere Matata, mtindo wa Tabora Jazz, tuliicheza sisi, ninyi mkasikia redioni.

MWANA UJIJI: Shikamoo mzee. Kumbe kucheza ndiyo kumiliki? Basi mimi ni mmiliki wa bendi zote za Kinshasa.

CHEYO B: 😂😂 Mzee kapigwa.

MZEE WA KANYENYE: Marahaba. Mgebuka wako umeiva, nenda ukale. Mimi nimeuliza jina.

BABA KURUTHUM: Jina mzee ni la anayeng'ang'ana. Roger Waters alijitoa Pink Floyd, bendi ya Waingereza, 1986 akaenda mahakamani wenzake wasilitumie, wakaendelea nalo vilevile. Na Fundi hajajibu: Kisima alikuwa na vyombo, haya, leo Safari Sound iko wapi? Sikinde wapo. Bitchuka mwenyewe alirudi.

FUNDI AMPLIFAYA: Sikinde wapo kwa sababu ya DDC, shirika la maendeleo la Dar! Kabla ya 1983 ilikuwa bendi ya kampuni ya teksi. Mwenye mali kabadilika, bendi ileile. Umenisaidia hoja.

BABA KURUTHUM: Nimekusaidia? Sasa bendi ileile kwa sababu ya nani, spika?

MWANA UJIJI: Kwa hiyo mnakubali Karenga ni wetu.

CHEYO B: Mchukueni, lakini nyimbo zibaki Tabora.

DADA WA IPULI: Fundi, bado nasubiri uniombe radhi.

FUNDI AMPLIFAYA: Radhi ya nini, dada yangu? Nimeuliza bia tu.