Marko 5: Yairo anangoja huku mtoto yuko katika kufa. Nifundishe namna gani?

mama_himbi (Goma)
Jambo wapendwa. Alhamisi naongoza kikundi cha Biblia cha wamama, somo ni Marko 5:21-43, dakika 45. Mara nyingi habari ya mama aliyetokwa damu husomwa peke yake, na ya binti wa Yairo siku nyingine. Nataka tuguse kule kungoja kwa Yairo, mkuu wa sinagogi aliyemwomba Yesu aende kumponya binti yake, halafu njiani mama yule akamgusa Yesu. Kwa nini Yesu alisimama njiani? Na nichukue pia Mathayo na Luka?

mwalimu_ndosho
Bwana asifiwe, mama. Usizitenganishe. Marko ameiweka habari moja ndani ya nyingine kwa makusudi, kama anavyofanya tena sura ya 11 kwa mtini na hekalu. Ukizigawa, kuchelewa kunapotea.

Fuata mistari. Damu inakauka mstari wa 29, mara moja. Kuponya hakukula muda. Muda umeliwa na 30 hadi 34: Yesu anauliza nani amemgusa, wanafunzi wanashangaa swali hilo katikati ya msongamano, yeye anazidi kutazama huku na huku, mpaka mama anakuja akitetemeka na kusema yote. Angeweza kumwacha aende zake kimya. Lakini kwa Walawi 15:25-27 alihesabiwa najisi siku zote za kutokwa damu, na aliyegusa kitanda chake vilevile. Miaka 12! Angepona kwa siri, nani angejua? Sasa mkutano mzima umesikia, na mkuu wa sinagogi yumo.

Mstari wa 34, imani ya mama imemponya. Wa 35, Yesu hajamaliza kusema, wanafika watu wa nyumbani: mtoto amekufa. Wa 36: usiogope, amini tu. Yairo anaombwa kitu kile kile alichotoka kukiona kwa macho. Tumia muda mwingi hapo.

kadutu_bkv
Mathayo mwache. Kwake (9:18) baba anafika akisema binti amekwisha kufa, kwa hiyo kungoja hakupo, na wamama watabaki kubishana alikufa saa gani. Kwa Luka chukua 8:42 tu: alikuwa mtoto wa pekee.

Dakika 10 za kusoma, sauti mbili, mkomee mstari wa 34. Biblia zifungwe. Uliza: Yairo anafanya nini sasa? Watasema amekasirika, anamvuta Yesu. Kisha wafungue watafute wenyewe: baada ya mstari wa 23 hasemi neno mpaka mwisho. Ile hasira tunaiongeza sisi tunaohubiri. Dakika 20 kwa 35-36, zilizobaki kwa sehemu ya mwisho. Na 43 usiiruke: Yesu anaagiza mtoto apewe chakula.

mama_himbi
Aksanti sana. Nianze na Lazaro, Yohana 11, kama mfano wa kuchelewa?

mwalimu_ndosho
Hapana, mama. Kule Yesu anabaki siku mbili kwa kutaka, na sababu imetajwa, 11:4. Hapa Marko hatoi sababu, usiiazime. Tena, kwenye kikundi cha Goma hakukosi mama aliyezika mtoto. Usiseme kamwe kwamba angeamini zaidi, wake naye angefufuka. Baada ya kusema "amini tu" Yesu hakumpima Yairo imani, alitembea naye mpaka nyumbani. Fundisha hivyo, na mwenye kulia umwache alie.