Hivi hii miji midogo ya huku kati ilianzaje pakavu namna hii?

Msafiri wa Itigi
Wakuu habari za jioni. Jana nimetoka Itigi na basi mpaka Moro, njia nzima nachungulia dirishani naona mibuyu, vichaka na mito ya mchanga mtupu, halafu ghafla mji huo hapo, gesti, mishkaki, bodaboda kibao. Hivi wa kwanza kukaa pale alifuata nini? Na ile ya jina la Dodoma, kwamba limetokana na tembo aliyezama, ni kweli au hadithi za shuleni tu?

Mjukuu wa Bahi
Ya tembo hata sisi tumeikuta, alienda kunywa maji akadidimia kwenye tope. Mimi naipenda zaidi ile nyingine, kwamba Wagogo waliiba ng'ombe wa Wahehe wakala nyama yote, wenyewe walipokuja kudai wakaonyeshwa mikia imechomekwa kwenye tope, wakaambiwa poleni ng'ombe wenu idodomya, yaani wamezama 😂 Ila angalia, zote mbili zina tope. Nchi kavu kama hii penye tope ndo penye maji na penye maji ndo penye watu, hapo swali lako nusu limejibika.

Nusu nyingine ni njia. Mpwapwa ilikuwa maarufu kabla Dodoma haijawa kitu, misafara ya biashara ya pembe za ndovu kutoka pwani ilikuwa inapumzika pale na kujaza vibuyu maana mbele yake ni Marenga Mkali, pori halina maji ya maana, ukitokeza upande wa pili unakutana na watemi wa Kigogo wanadai hongo, yaani ushuru wa kupita kwao. Na usiwaone wakorofi, visima ni vyao na msafara wa watu mia kadhaa unakausha kisima. Mjerumani naye akaja akajenga boma, yaani ngome ya utawala, hapohapo Mpwapwa, na lingine Kilimatinde, karibu na Manyoni. Halafu reli ikaanza Dar 1905, ikafika Dodoma 1910, Mpwapwa ikaachwa pembeni ikabaki kuitegemea stesheni ya Gulwe, Kilimatinde nayo ikapitwa, watu wakahamia Manyoni. Nenda Kilimatinde leo kaangalie, kumetulia huwezi amini kwamba palikuwa makao ya wakubwa.

Dereva Mstaafu
Kibaigwa, ile ya barabara ya Dodoma-Morogoro, mbona hujaitaja mkuu? Pale hakuna reli wala boma la Mjerumani, ni lami na mahindi basi. Malori yanasimama, mama ntilie anaweka sufuria, kesho yake kuna fundi pancha, ndo mji huo.

Mama Karanga
Na Kongwa jamani! Mwingereza alikuja 1947 na matrekta yake alime karanga, akajenga mpaka reli ya tawi kutoka Msagali, hakuuliza hata mzee mmoja huku mvua inanyeshaje. Udongo ule kiangazi unakuwa kama tofali, jembe linavunjika. 1951 mradi ukafa. Miaka ya 60 eneo hilo wakapewa wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, wakapiga kambi hapo, kina FRELIMO wa Msumbiji na ANC wa Afrika Kusini. Kwa hiyo siyo kila mji ulifuata maji, mwingine ulifuata ubishi wa mzungu.

Msafiri wa Itigi
Aisee asanteni. Kilimatinde nimeipita mara ngapi sijui, safari ijayo nashuka Manyoni nachukua boda niende kuliona hilo boma. Mjukuu wa Bahi, kuna sehemu ya kulala huko au nigeuze siku hiyohiyo?