Kwa nini Yusuf anawakimbilia askari wa Mjerumani?

Msomaji wa Tanga
Ndugu wasomaji, nimemaliza kusoma *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya *Paradise*, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994, na mwisho wake umenitatiza. Yusuf, aliyewekwa rehani na baba yake kwa tajiri Aziz kwa sababu ya deni, anachungulia kutoka mafichoni askari wa Mjerumani wakikamata watu, kisha wanapoondoka anawakimbilia. Je, ameanza kumtukuza mkoloni?

Mwalimu Mstaafu
Sioni utukuzaji hapo. Yusuf alikuwa mali ya mtu kabla Mjerumani hajamgusa: Khalil, kijana mwenzake wa dukani, alimweleza mapema kwamba Aziz si ami yake, na Amina anayempenda ni mke wa tajiri huyohuyo. Anayekimbia ni kijana ambaye hajawahi kuulizwa anataka nini. Wanaotaka kila jeraha la nafsi lianzie kwa Mzungu watapata tabu na riwaya hii, kwa kuwa Gurnah hawapaki chokaa matajiri wa pwani.

Mpenzi wa Fasihi
Nakubaliana na Mwalimu kuhusu Yusuf, ila hali anayoiuliza ndugu yetu imo katika *Afterlives*, riwaya nyingine ya Gurnah, ya mwaka 2020. Ilyas alichukuliwa na askari akiwa mtoto, akasomeshwa misheni kwa hisani ya mkulima wa Kijerumani, na kwa kuwa yeye alitendewa wema, hayamwingii masimulizi ya wenzake kuhusu ukatili wa Wajerumani. Anamwacha dada yake Afiya na kujitolea jeshini. Miaka mingi baadaye, akiwa Ujerumani, anaandamana pamoja na wanaodai makoloni yarudishwe, na hatimaye anafia katika Sachsenhausen, kambi ya mateso ya Wanazi. Mwandishi Frantz Fanon, daktari aliyetibu wagonjwa wa akili huko Blida, Algeria, alieleza vizuri jinsi mtawaliwa anavyojitazama kwa macho ya mtawala, lakini Ilyas ananitisha zaidi, kwa sababu kinachomfunga ni shukrani ya kweli.

Msomaji wa Tanga
Na Hamza wa *Afterlives* hiyohiyo, je? Naye pia alikuwa askari wao.

Mwalimu Mstaafu
Hamza hakupata nafasi ya kujidanganya. Ofisa mmoja alimfundisha Kijerumani na kumpa kitabu cha Schiller, mshairi wa Kijerumani, na Mjerumani mwingine akamkata kwa upanga akabaki mlemavu. Hata hivyo, beti za Schiller ndizo anazomfasiria Afiya kwa Kiswahili anapomposa kwa siri. Lugha aliyopewa na ofisa ameitumia kwa shughuli zake mwenyewe, jambo ambalo Ilyas hakuliweza.