Naombeni ushauri: Mombasa na watoto

Habari zenu ndugu zangu. Tumetoka Dodoma, mimi, mke wangu na watoto wawili, tumepanga Bamburi siku tano. Leo pale ufuo wa Pirates kijana alimvisha binti yangu bangili ya shanga, "zawadi tu, mrembo", kisha akanidai shilingi elfu moja ya Kenya. Nikampa mia mbili, akaondoka amenuna. Simu sasa naiacha ndani, ingawa kufuli la mlango wetu ni la kuchezea.

Keshokutwa tunakwenda Diani, kurudi kama saa moja usiku. Kuvuka feri ya Likoni kwa miguu na watoto saa hizo ni salama, au tukodi teksi? Na hawa vijana mnawakatalia vipi bila ugomvi?