Vishoka wa visa hapa Tanga wanawaharibia mafundi wetu maisha kwa vyeti feki!

Wakuu, salaam. Mods naomba msiuunganishe uzi huu na zile nyuzi nyingine za Canada. Huu ni wa mafundi.

Mpwa wangu ni fundi wa kuchomelea. Kazi kajifunzia karakanani Ngamiani tangu amalize darasa la saba: mageti, matangi, bodi za Fuso zinazobeba mawe Pongwe. Mkono wake unajulikana. Akaja kishoka mmoja mwenye kiofisi hapa mjini, akamwambia, "Mdogo wangu, Canada hawataki mchomeleaji, wanataka msomi." Akamtengenezea diploma ya uongozi wa biashara, ya chuo ambacho kijana hajawahi hata kukanyaga. Akakomba milioni tatu na nusu, na sehemu kubwa ya hela hiyo dada yangu aliuza kiwanja kuipata. Maombi yakagonga mwamba, sababu: udanganyifu. Sheria ya uhamiaji ya Canada inamfungia mlango mtu wa namna hiyo kwa miaka 5. Kishoka bado anafungua ofisi yake kila asubuhi!

Kinachonitia uchungu zaidi ni kwamba diploma ile haikuhitajika. Canada ina mpango wa uhamiaji wa mafundi stadi tangu Januari 2013, na mpango huo haudai shahada wala diploma. Wachomeleaji, mafundi bomba, mafundi umeme, maseremala, wote wamo. Mwaka 2023 wakaanza hata kualika waombaji kwa makundi ya kazi, na kundi la mafundi likawekwa humo. Kiingereza chenyewe si cha kutisha: kwenye IELTS, ule mtihani wa kupima Kiingereza, ni 5 kusikiliza, 5 kuzungumza, 4 kuandika na 3.5 kusoma. Kishoka alimwambia kijana bila 7 asijisumbue, kisha akamwuzia "mtu wa kumfanyia mtihani". Mungu anamwona.

Sasa nisije nikaonekana na mimi nauza ndoto. Mlango upo, ila una masharti. Uwe umefanya kazi hiyo miaka 2 ndani ya mitano iliyopita, na uthibitishe kwa maandishi. Uwe na ofa ya kazi ya mwaka mzima, au cheti cha ufundi kutoka jimbo la huko. Kama huna ofa, uonyeshe na hela ya kujikimu. Hiyo ofa nayo isikufanye ukatoe pesa kwa mtu: Canada imemkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, kwa hiyo anayekudai milioni za "barua ya kazi" ni mwizi.

Na ukishafika, leseni zinatofautiana jimbo kwa jimbo. Alberta huruhusiwi kuchomelea kama fundi bila cheti au bila kusajiliwa kuwa mwanagenzi, yaani fundi anayejifunza kazini. Ontario uanagenzi wa fundi umeme ni saa 9,000. Kuna mtihani wa Red Seal unaotambulika majimbo yote, alama ya kufaulu ni asilimia 70. Fundi mwenye ushahidi wa saa alizofanya kazi nchini kwao anaweza kuomba apimwe na kuruhusiwa kukaa mtihani, si lazima aanze uanagenzi upya. Asiye na ushahidi ataishia kubeba mizigo ghalani na ujuzi wake mkononi.

Ndiyo maana hasira zangu haziishii kwa kishoka. Nyie wenye karakana hapa Tanga! Kijana anakufanyia kazi miaka minane, hana mkataba, hana hati ya mshahara, hana hata karatasi moja yenye muhuri wako. Mpwa wangu alipoomba barua, bosi wake alimjibu, "Unataka kunikimbia?" Barua ilikuwa haki yake jamani, asafiri asisafiri.

Na serikali mtaani kwetu, utaratibu wa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wa kurasimisha ujuzi mnauficha wapi? Fundi aliyejifunzia mtaani anapimwa kwa vitendo, anapewa cheti halali. VETA ipo hapahapa Tanga, lakini ingia karakana za Makorora na Majani Mapana uulize wangapi wamewahi kusikia habari hiyo. Matangazo ya vishoka yamejaa kwenye kila nguzo ya umeme, la VETA sijaliona hata moja.

Wenye karakana mnaosoma hapa, barua yenyewe haina ugumu: jina la kazi, majukumu, tangu lini mpaka lini, saa kwa wiki, mshahara, simu ya karakana, saini, muhuri. Mwandikieni kijana wenu wiki hii.

Na kama ulilizwa na kishoka yeyote hapa Tanga, weka comment hapa chini. Risiti za miamala na meseji usizifute, tunataka kwenda polisi tukiwa wengi.